Yai Nililolisingizia

Nililisingizia yai la mwanamke. Mbele ya mume wake na mama mkwe wake nilisema lilikuwa bovu, nikaongeza kwamba mbegu ya mume haina kasoro, na yote mawili niliyasema kwa sauti ya mtu aliyepima. Sikuwa nimepima kitu. Hata ningetaka nisingeweza, maana maabara yetu inaishia kwenye malaria, mkojo, choo, makohozi na wingi wa damu.

Mimi ni Afisa Tabibu kwenye kituo cha afya upande wa juu wa Wilaya ya Kilolo, huku kwenye viazi, miti ya mbao na baridi inayowaleta wagonjwa wakiwa na masweta mawili na shuka juu yake. Watu huniita daktari. Sijawahi kumsahihisha hata mmoja.

Mwanamke huyo alikuja na mimba ambayo kwa hesabu yake ilikuwa ya miezi mitatu, lakini tumbo lilikuwa la miezi mitano. Alikuwa akitapika mno na kutokwa na damu ya kahawia. Nilitafuta mapigo ya mtoto nikayakosa. Nikampa rufaa siku ileile, na kwa hilo sijilaumu. Hospitali walimfanyia altrasaundi, wakakuta hakuna mtoto, mji wa mimba umejaa vipovu vya maji vilivyoshikana vichala vichala. Mimba zabibu. Wakamsafisha, wakamrudisha kwangu na barua.

Barua ilikuwa fupi na haikuacha kitu. Homoni ya mimba ipimwe kila baada ya wiki mbili mpaka iishe kabisa, kisha kila mwezi kwa miezi sita. Asishike mimba katika kipindi hicho. Akitokwa na damu tena au akianza kukohoa, arudishwe haraka. Niliisoma, nikaitia kwenye faili lake, faili likaingia kabatini.

Siku ya kuja kuelezwa hakuja peke yake. Mume aliegemea kitanda cha kupimia, mama mkwe akapewa kiti, mgonjwa akasimama. Viti vilikuwa viwili, na kimoja nilikuwa nimekikalia mimi.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, daktari. Sasa tuambie. Hiki kilichotoka ni kitu gani?"

Nikawaeleza vile vipovu.

"Na kimeletwa na nini?"

"Yai lilikuwa bovu, mama."

"Yai la huyu?"

"Ndiyo."

"Na mbegu ya mwanangu?"

"Mwanao ni mzima kabisa."

Mama akashusha pumzi. Mume akainua uso kwa mara ya kwanza tangu waingie. Nikaona nimewapunguzia mzigo. Mgonjwa hakusema neno, wala sikumtazama; nilikuwa nimeshaanza kuandika jina la anayefuata.

Uongo huo sikuuokota hewani. Chuoni tulifundishwa kwamba mimba zabibu iliyo kamili hutokea pale mbegu ya kiume inapoingia kwenye yai tupu, yai lisilo na kiini. Sentensi hiyo ina habari mbili: yai halina kitu, na kinachoota kinatokana na mbegu. Miaka ilivyopita, foleni mlangoni na madaftari yakiwa yamefungwa tangu mahafali, kichwani mwangu ilibaki nusu ya kwanza, nayo ikachakaa mpaka "tupu" ikawa "bovu". Nusu ya pili ilipotea, na sidhani ilipotea kwa bahati mbaya. Kwenye chumba changu mke na mume wakikosa mtoto, anayeanza kupimwa ni mke. Mume huja baada ya miezi, akiwa na haraka ya kuwahi shambani. Nilikuwa nimezoea kulitafuta kosa upande mmoja, na mtu huona haraka kile alichozoea kukitafuta.

Ilikuwa msimu wa mvua, pombe ya ulanzi imejaa. Maneno yangu yalifika kilabuni kesho yake na huko yakanenepa: daktari ameliweka yai la fulani kwenye mashine, limeoza. Kabla mvua hazijaisha mwanamke alikuwa amerudishwa kwao Ruaha Mbuyuni, chini kabisa ya wilaya yetu hiyohiyo, kwenye mibuyu, vitunguu na joto. Kutoka huko hadi kwangu unabadili gari Iringa mjini. Kwenye rejesta ya wanaofuatiliwa, mstari wake ulijazwa mara ya kwanza, ukabaki mweupe. Nilidhani anapimwa huko aliko. Barua ambayo ingewafanya wa huko wampime ilikuwa kabatini kwangu.

Kosa nililigundua mbele za watu, kwenye mafunzo kazini mjini Iringa. Mwezeshaji alikuwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, mdogo kwangu kwa umri, mpole, asiyependa kupoteza muda. Alitupa picha ya vile vichala ukutani, akauliza, "DNA iliyomo humu ni ya nani?"

Nikawahi kunyoosha mkono. "Ya mama, daktari. Yai bovu."

Muuguzi aliyekaa nyuma yangu akasema, "Ehe, siku zote ni sisi." Watu wakacheka, nami nikacheka.

Mwezeshaji hakucheka. "Ya baba," akasema. "Yote."

Nilidhani ulimi umeteleza, nikasubiri ajisahihishe. Badala yake akaandika ubaoni 46,XX, akaeleza kwamba mara nyingi mbegu moja huingia kwenye yai lililopoteza kiini chake, kromosomu zake 23 zikajinakili zikawa 46, na kinachoota hakina kromosomu hata moja ya mwanamke anayekibeba. Mara chache zaidi mbegu huwa mbili, lakini DNA ni ya upande uleule. Niliandika "ya baba" nikaweka alama ya kuuliza, kisha nikaikata ile alama. Hapo ndipo nilipomwona tena yule mama akishusha pumzi. Wakati wa chai, chapati mkononi, nilijitahidi kujishawishi kwamba nilichosema hakikuwa mbali na ukweli, kwa kuwa hata hivyo yai lilikuwa na hitilafu. Haikukaa. Nilikuwa nimeulizwa maswali mawili. La kwanza nililijibu nusu. La pili nililijibu uongo mtupu, tena kwa neno "kabisa".

Nikaanza kusoma, nikiwa nimechelewa. Walioonyesha kwamba DNA hiyo ni ya baba ni Wajapani wawili, Tadashi Kajii na Koso Ohama, mwaka 1977. Lakini jambo lililonikosesha usingizi lilikuwa jingine. Kama seli ina kromosomu 46, na hakuna jeni iliyokosekana, mbona hatoki mtoto?

Jibu lilipatikana mwaka 1984, na mmoja wa waliolipata ni mzaliwa wa Kisumu: Azim Surani, aliyekwenda Uingereza na kusomea uzamivu Cambridge chini ya Robert Edwards, yule wa watoto wa kupandikizwa. Surani na wenzake walichukua mayai ya panya yaliyokwisha kurutubishwa, ambayo kiini cha baba na cha mama bado havijaungana, wakavibadilisha. Mengine yakapata viini viwili vya mama, mengine viwili vya baba. James McGrath na Davor Solter walifanya kazi ya namna hiyo Marekani mwaka huohuo. Hakuzaliwa panya hata mmoja kwenye makundi hayo. Ila walishindwa kwa namna mbili tofauti: wenye DNA ya mama pekee walianza kuunda kiinitete, kondo likadumaa; wenye DNA ya baba pekee, kondo likastawi na kiinitete kikawa duni. Mkunga yeyote akisikia habari ya hao wa pili atawaza zabibu.

Kumbe DNA ya baba na ya mama hazisomwi sawasawa hata kama zimeandikwa sawasawa. Chukua rejesta mbili za kituo zinazofanana neno kwa neno, moja ikiwa imebanwa kurasa kadhaa kwa stepla. Maandishi hayajafutwa, ila msomaji hayafikii. Kwenye DNA kinachobana ni kikemikali kidogo kiitwacho methili, kinachonata kwenye herufi C, kikisaidiana na namna DNA inavyosokotwa kwenye protini zake. Elimu ya kubana na kubandua huko ndiyo epijenetiki. Jeni zetu nyingi husomwa nakala zote mbili, ya baba na ya mama. Takribani mia moja husomwa moja tu. IGF2, ya kuchochea ukuaji, husomwa iliyotoka kwa baba. CDKN1C, inayozuia seli zisigawanyike ovyo, husomwa iliyotoka kwa mama. Sasa weka za baba pande zote mbili: kichocheo kinazungumza mara mbili, kizuizi kiko kimya mara mbili. Wataalamu wa patholojia hulitumia hilo kutambua ugonjwa. Hupaka kinyama rangi inayoitafuta p57, protini ya CDKN1C, na wakiikosa kwenye seli zilizopaswa kuwa nayo, wanajua mimba zabibu ni ile kamili.

Alama hizo huwekwa mayai na mbegu zinapotengenezwa, na kabla ya kuwekwa mpya za zamani hufutwa. Kiinitete kikiwa bado cha wiki chache, ndani yake kuna seli chache zitakazokuja kuwa mayai au mbegu. Humo alama za wazazi hufutwa karibu zote, kisha huandikwa upya kwa kufuata jinsia ya mwenye mwili. Surani ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kuzisoma seli hizo. Kwa hiyo kromosomu ambayo mwanamume alipewa na mama yake mzazi, ikipita kwenye korodani zake, inatoka na alama za baba. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Mbegu ya mume ni mchanganyiko wa kromosomu za wazazi wake wawili. Ndani ya vile vichala, basi, mama mkwe mwenyewe alikuwemo, karibu nusu. Mke wa mwanawe hakuwemo, ukiacha ile DNA ndogo ya mitokondria.

Upande wa pili wa habari hii una uvimbe unaoitwa teratoma. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba teratoma za kawaida za ovari huota kutoka kwenye yai moja lililoanza safari bila mbegu. Ndani yake mna nywele, mafuta, wakati mwingine meno. Nimewahi kuusikia uvimbe wa namna hiyo ukipewa majina ya wachawi watatu wa kijiji kimoja.

Saratani ndiko barua ya hospitali ilikokuwa ikielekeza. Kondo, hata la mimba nzuri, kazi yake ni kupenya ukuta wa mji wa mimba na kufungua mishipa ya damu ya mama, kisha kuacha. Seli za mimba zabibu zinazobaki huenda zisiache. Kati ya wanawake 100 waliosafishwa mimba zabibu kamili, 15 hadi 20 huhitaji dawa baadaye, na wachache wao hupata koriokarsinoma, ambayo hukimbilia mapafuni. Saratani nyingine nazo huvuruga alama hizihizi: hunyamazisha jeni za ulinzi, hufungua zilizopaswa kulala. Jeni za MAGE, zilizotambuliwa Brussels mwaka 1991 kwenye melanoma, kwa mtu mzima hulala karibu kila mahali isipokuwa korodani. Uvimbe ukishaharibika mpangilio wake wa methili, jeni hizo huamka.

Haya yote niliyajua, na bado sikupiga simu.

Hili la pili ni baya kuliko la kwanza. La kwanza nililifanya kwa kutojua. Namba ya mume ilikuwa kwenye rejesta. Nilijiambia kwamba miezi imepita, angekuwa na shida tungesikia; nilijiambia kituo hakina fungu la simu; nilijiambia nitapita Mbuyuni nikiwa na safari ya Dar es Salaam. Kilichonizuia ni kwamba kupiga kungenilazimu kusema, "Nilichowaambia si kweli."

Simu ikapigwa kutoka upande wa pili. Ilikuwa mwezi wa tisa tangu asafishwe. Kaka yake alikuwa ameikuta namba yangu nyuma ya kadi ya kliniki.

"Daktari, shikamoo. Dada anakohoa damu. Dawa za TB anameza mwezi wa pili sasa, haoni nafuu."

"Makohozi walipima?"

"Walipima, hawakuona. Wakasema aanze tu."

Aliyemwanzishia dawa hizo simlaumu. Mwanamke kijana, amekonda, anakohoa damu, katika mkoa wenye maambukizi mengi ya VVU kama wetu: hata mimi ningewaza TB. Kitu ambacho kingemfanya awaze lingine ni barua iliyokuwa kwangu. Nikamwambia kaka ampeleke apimwe mkojo, kipimo cha mimba.

"Mimba? Hana mume, daktari. Si mnajua."

Kipimo kilitoa mistari miwili.

Safari hii nilipiga simu kila mahali, na faili nililipeleka mwenyewe hadi stendi. Alifika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, picha ya kifua ikionyesha vivimbe sita. Ugonjwa huu hupimwa kwa jedwali la alama. Sifuri hadi 6, mgonjwa huanza na dawa moja, methotrexate mara nyingi. Kuanzia 7, huchanganyiwa. Yeye alipata 8: nne za homoni iliyopita laki moja, mbili za idadi ya vivimbe, na mbili za muda uliopita tangu mimba ile. Miezi saba hadi kumi na miwili, jedwali linasema, ni alama 2. Ondoa hizo peke yake, hata ukiacha kwamba homoni na vivimbe navyo vilikua katika miezi hiyohiyo, zinabaki 6. Sikuwahi kufikiri kwamba mazungumzo yangu ya dakika kumi yangekuja kuonekana kwenye jedwali.

Alipewa dawa tano. Alipona. Ugonjwa huu hupona, hata ukiwa umefika mapafuni, na hilo linajulikana tangu mwaka 1956, Min Chiu Li na Roy Hertz walipoutibu Marekani kwa methotrexate, inayozuia seli kutumia foliki. Li aliendelea kuwapa wagonjwa dawa hata walipoonekana wazima, kwa kuwa homoni ilikuwa haijaisha kabisa, na wakuu wake wakamwondoa kazini kwa ukaidi huo. Baadaye wagonjwa wake ndio waliobaki wazima. Kufuata homoni mpaka iishe: kazi ambayo mimi niliandikiwa kwenye barua.

Gharama nyingine ni hizi. Kaka aliuza pampu ya maji, akakosa msimu mzima wa vitunguu. Mwanamke alikaa Dar es Salaam kwa ndugu miezi mingi, akitapika kwenye nyumba ya watu. Mume alishaoa.

Nilikwenda kwa mama mkwe. Nilimwambia nilikosea, nikamweleza DNA ilikuwa ya nani. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo ni sisi?"

Nakiri nilitamani kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi, na ingekuwa kosa lilelile limegeuzwa. Mbegu ya mwanawe huenda haikuwa na ubaya wowote. Yai kupoteza kiini si tabia ya mtu, wala kromosomu kujinakili si uzembe wa mtu. Tena wapo wanawake wachache sana wanaopata mimba zabibu mara kwa mara, wenye hitilafu ya jeni NLRP7. Kwao DNA hutoka kwa wazazi wote wawili, ila yai halikupata alama zake za mama. Kwa hao, yai linahusika kweli. Nikamjibu, "Si ninyi, mama, wala si yeye." Hakuridhika. Mtu aliyeshapewa jina la mkosaji mara moja na daktari hawezi kukubali kirahisi kwamba safari hii halipo.

Mgonjwa mwenyewe nilimkuta Mbuyuni, sokoni kwenye vitunguu, nywele zimeanza kurudi. Nilimwomba radhi. Akasema amesikia, akaendelea kupima debe la mteja. Kisha akauliza barua yake iko wapi. Nilikuwa nimekuja nayo, nikampa. Akauliza kama anaweza kuzaa. Nikamwambia wengi wanaotibiwa huzaa, ila asubiri mpaka wa Ocean Road wamruhusu, na kwamba kati ya wanawake 100 waliowahi kupata mimba zabibu, mmoja au wawili huipata tena.

"Na nikiolewa na mwingine?"

Jibu lilikuwa limeshafika ulimini, zuri, fupi, lenye "kabisa" ndani yake. Nikalimeza. Nikampigia yule daktari bingwa palepale, nikaweka spika. Alikuwa ameanza kumweleza kwamba kubadili mume si dawa, na kwamba akishika mimba afanyiwe altrasaundi mapema, dakika zangu zikaisha. Aliyenirushia salio ni mwanamke mwenyewe.